Pikapu ya Damu ya Mzee

Wenzangu mliokula vumbi la Arusha kabla mji haujajaa lami na maghorofa, mnakumbuka gari jipya lilivyokuwa likiingia mtaani? Sisemi gari jipya la siku hizi, ambalo jirani analileta jioni na asubuhi hujui kama ni lake au amekodi. Nasema gari jipya la utoto wetu, lile ambalo watoto walilisubiri kona tangu asubuhi, akina mama wakaacha maharage yaungue jikoni, na wazee wakaja na fimbo zao kulizunguka kimya kimya kama wanakagua ng'ombe wa mahari. Sisi pale Kijenge tulipata letu nikiwa shule ya msingi. Lilikuwa pikapu, rangi yake damu ya mzee. Kwa faida ya watoto wetu wanaojua rangi kwa majina ya kwenye simu, damu ya mzee ni ile nyekundu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, rangi ya masweta ya shule nyingi za wakati ule.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na karoti. Alianza akibeba magunia kwa baiskeli aliyoinunua kwa mtu, alioa kwa suti ya kuazima kwa shemeji yake, na mashati yake yote yalikuwa ya mitumba, tena moja lilikuja na jina la mwenyewe limeandikwa kwenye kola. Pikapu ile ndiyo ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakikuwahi kuwa cha mtu mwingine. Alituambia hivyo mwenyewe siku ilipofika, akiwa ameigusa boneti kwa vidole viwili, kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Hii haijawahi kukwaruzwa na mtu," alisema. "Na haitakwaruzwa." Mama alimtazama, akanitazama mimi na kaka yangu Elibariki, akaguna, akarudi kwenye maharage yake. Nadhani alijua palepale kwamba nyumba imepata mtoto wa tatu.

Jamani, zile sheria! Kuegemea pikapu, marufuku. Kupita karibu yake na begi la shule lenye vyuma, marufuku. Rede tulihamishiwa uwanja wa jirani, kombolela tukaambiwa tujifiche popote duniani isipokuwa nyuma ya gari. Ukiliona lina vumbi ukatoa kiganja ulifute, ungesikia sauti ya Baba kutoka chooni: "Usifute kavukavu! Huo ni mchanga, unaipiga rangi msasa!" Kuliosha ilikuwa ibada. Kwanza maji yanamwagwa kuanzia juu, taratibu, mpaka mchanga wote ushuke wenyewe. Halafu kitambaa cha flana, kilichokatwa kwenye blanketi letu la utotoni, nacho Baba anakinyanyua juani kukikagua kama kina chembe. Sabuni ya unga haikuruhusiwa kukaribia, alisema inakula rangi. Pikapu ilioshwa kwa sabuni laini ya watoto wachanga. Sisi watoto wenyewe tuliogea sabuni ya mche, ile ya kufulia.

Miti ya jakaranda, ambayo wageni huja kuipiga picha, kwa Baba ilikuwa adui. Maua yake yakilowa juu ya boneti yanaacha alama, alisema, na utomvu wake ndio usiseme. Kwa hiyo gari lilikaa juani, likatandikwa mashuka ya Mama, na sisi tukalala bila mashuka. Kunguru nao walikuwa na kesi yao, maana kinyesi cha kunguru kinachimba rangi. Elibariki alipewa kazi ya kuwafukuza, lakini kwa makofi tu. Manati ilikataliwa, jiwe lingeweza kukosea. Nyuma ya kila gurudumu Baba alining'iniza kipande cha tyubu ya trekta ili kokoto za barabarani zisiruke zikapiga bodi. Kila Jumamosi alasiri alifungua kopo la nta, akaipaka kwa miduara midogo midogo, akaisubiri ikauke, akaisugua mpaka ukikaribia unaona meno yako. Nailoni za kwenye viti hazikutolewa. Tukivaa kaptula au gauni fupi, mapaja yalinata, na kushuka ilikuwa kama kubandua plasta kwenye kidonda.

Na sisi tukaambukizwa. Elibariki alikuwa fundi wa magari ya waya, yale ya matairi ya ndala na usukani mrefu wa mti. Baada ya pikapu kuja, gari lake la waya nalo likavishwa mfuko wa nailoni wa sukari, na ukitaka kuliendesha unavua kandambili. Leo nawaona vijana wetu na simu zao: simu ina kioo juu ya kioo, ina kava, na kava ina pochi. Halafu inaanguka chooni. Nawacheka, ila moyoni najua tulianza sisi.

Sasa, tatizo lilikuwa kwa Bibi.

Bibi, mama yake Baba, aliishi juu ya Tengeru, kule migomba inakoingia ndani ya kahawa na asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni. Likizo zetu zote zilikuwa kwake. Nikiandika hivi nasikia harufu ya moshi wa kuni za mgrevilea, na makande yanayochemka tangu alfajiri, na loshoro ya baridi, mahindi yaliyopondwa na maziwa mgando, kwenye bakuli la bati, ile ambayo ukiila kabla hujamwamkia mtu mzima unanyang'anywa kijiko. "Shikamoo kwanza, tumbo baadaye," Bibi alikuwa akisema. Asubuhi mbingu zikifunguka ulisimama uwanjani ukauona Kilimanjaro mbali kule, na mgongoni una Meru yako, ukajiona mtoto wa matajiri.

Lakini kumfikia ilibidi uache barabara kubwa ya changarawe, pale penye duka la mafuta ya taa, ukaingia kichochoro kinachopanda. Kushoto na kulia kilikuwa na michongoma. Mnaijua michongoma? Miiba yake mirefu kama sindano ya gunia. Ilikuwa uzio wa jirani, inazuia ng'ombe wasiingie kwenye kahawa, haiwezi kung'olewa. Na ukiipunguza kwa panga ndiyo unaiharibu zaidi, vishina vinachongoka vikawa misumari. Gari lingepita, ndiyo, lakini kwa kubanwa ubavu kwa ubavu kutoka chini mpaka juu. Baba alishuka siku ya kwanza akakitazama kichochoro kile, akapima kwa mikono, akarudi ndani ya gari akageuza. Akaliacha dukani, akapanda kwa miguu.

Kwetu hilo halikuwa jambo dogo. Kwa desturi ya nyumbani, kitu kipya cha mtoto, kiwe jembe, kiwe ng'ombe, kiwe cherehani, lazima kiingie kwanza uwanjani kwa mzazi. Mama mzazi anachukua jani la isale, ule mmea wetu wa amani, analichovya kwenye maziwa, ananyunyiza. Kisha anapaka siagi kiganjani na kukipitisha juu ya kitu hicho toka mwanzo hadi mwisho bila kuinua mkono. Mkono ukiinuka katikati, baraka imekatika. Bibi alikuwa Mlutheri wa kutegemewa, alikaa benchi la mbele kila Jumapili, lakini hilo hakuliacha, na mchungaji alijifanya haoni. Pikapu ilikuwa imekwisha kusafirisha vitunguu msimu mzima, bado haijakanyaga uwanja wake. Watu wakimwuliza kanisani, "Mama, tumesikia mwanao ana gari," yeye alijibu, "Lipo, ila halijafika nyumbani."

Na macho yake yalikuwa yanafunga. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alimwambia asubiri yakomae ndipo yatolewe, na Bibi hakumwamini daktari yule hata kidogo. Nyuso alishaanza kuzikosea, alituita mimi na Elibariki kwa sauti zetu. Rangi bado alizitambua, kitu kikiwa karibu sana na kuna jua. Jioni moja nikiwa nimemshika mkono kuelekea bombani aliniuliza, "Hivi hiyo damu ya mzee ya baba yako, ni kama ya sweta lako?" Nikamwambia imezidi, inang'aa. "Natamani niione kabla ukungu huu haujafunga," alisema. "Baada ya hapo hata ikija, kwangu itakuwa bati tu."

Nilimfikishia Baba maneno hayo neno kwa neno. Alikuna kichwa. Alimpenda mama yake, jamani, sitaki mtu aseme hakumpenda. Hakuwahi kupanda mkono mtupu, na kila Jumapili alipanda, na suti yake ya kanisani, jasho likimtoka. Lakini kila Jumapili alikuwa na sababu. Mvua ikiisha. Barabara ikichongwa. Nikipata nta ile nzuri kutoka Nairobi, nikapaka safu mbili. "Mama, gari lile lina ngozi kama ya mtoto mchanga," alimwambia Bibi nikisikia, huku anakunywa maziwa mgando. "Mwiba mmoja tu umekwisha." Bibi akajibu, "Sawa mwanangu." Mimi nilikaa pembeni nikaangalia viatu vya Baba vilivyojaa tope, na kwa mara ya kwanza maishani nilimkasirikia.

Likizo ya Juni, baridi ile ya Meru inayoingia mpaka kwenye meno, niliamka nikakuta Bibi hayupo jikoni. Nikamkuta migombani anachuna maganda makavu ya migomba, yale yanayoning'inia kwenye shina kama mashati yaliyochakaa. Alikuwa na mzigo mkubwa. Nikamwuliza kama ni ya kufungia ndizi za sokoni. "Beba," alisema. Tukashuka nayo kwenye kichochoro. Akapiga magoti mbele ya michongoma ya chini kabisa, akapapasa, akakuta kishina kilichochongoka, akakizungushia ganda mara mbili, akalifunga kwa kamba ya mgomba. Akapapasa, akapata kingine.

"Bibi, tunafanya nini?"

"Baba yako si anasema gari lake ni mtoto mchanga? Mtoto mchanga hulazwa mahali laini."

Alifanya kazi ile kwa vidole, si kwa macho. Mwiba ulikuwa unamchoma kwanza ndipo ajue ulipo. Anasema "Ah! Kumbe uko hapa," ananyonya kidole, anacheka, anaufunga. Mimi nilikimbia kupanda na kushuka kuleta maganda, na mara nyingine nilijifanya naangalia mlima ili asisikie ninavyolia. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka sokoni Tengeru na vikapu kichwani walisimama kumshangaa. Mmoja wao, Mama Aikande, jirani yetu wa juu, alitua kikapu chake chini. "Mama, umeanza kuvisha miti nguo?" Bibi akamweleza. Mama Aikande hakucheka. Alivua khanga ya juu, akajifunga kiunoni, akaanza upande wa pili. Kesho yake walikuja wengine. Walifunga wakipiga soga, wakimsema Baba kwa mapenzi tu, "huyu mwanao angeoa hilo gari," mpaka kichochoro chote, kuanzia dukani hadi kwenye uwanja wa Bibi, kikawa kimevaa maganda ya kahawia. Upepo ukipita kilinong'ona.

Jumapili Baba akaja. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kwenye kona, namsubiri. Alitokea na suti yake na mfuko wa sukari mkononi, anapanda ameinamisha kichwa kukwepa miiba kama kawaida yake. Akaona hakuna kilichomchoma. Akainua uso.

Alisimama. Akashika ganda moja, akalifungua kidogo, akauona mwiba ndani yake, akalifunga tena vizuri. Akatazama juu, akatazama chini.

"Nani kafanya hivi?"

"Bibi," nikamwambia. "Kwa vidole. Ili gari lisikwaruzwe."

Baba aliuweka mfuko wa sukari chini, juu ya nyasi, polepole kama una mayai. Alitoa kitambaa cha suti, kile cha mapambo ambacho Mama alimkataza kukitumia, akajifuta uso wote. Halafu aligeuka akashuka. Nilidhani amekasirika. Nilibaki na ile sukari nikiwaza nimwambie nini Bibi. Kisha nikasikia injini.

Pikapu ilipanda kwa mwendo wa kobe, maganda yakiisugua huku na huku, chwaa, chwaa, kama watu wanaotembea kwenye majani makavu. Nilitangulia mbele nikikimbia kinyumenyume na kupiga kelele, "Bibi, linakuja! Bibi, limefika!" Bibi alitoka jikoni, mikono ina unga, Elibariki nyuma yake. Gari likaingia uwanjani, likasimama juani. Baba alishuka, akafika mbele yake, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limefika?"

"Limefika, mama. Nisamehe limechelewa."

Bibi alikwenda moja kwa moja mpaka boneti ikamgusa tumbo. Akainamisha uso karibu kabisa, pua inakaribia kugusa, akakaa hivyo muda. Kuku waliacha hata kuparua. Akasema, "Kweli. Ni damu ya mzee." Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tena kwa mtu mwingine yeyote, kicheko cha msichana.

Akaagiza isale na maziwa. Akanyunyiza. Akachota siagi, akaipaka kiganjani, akauweka mkono kwenye kona ya mbele, juu ya taa, akaanza kuupitisha ubavuni mwa gari. Sasa Bibi alikuwa na bangili ya shaba aliyovaa tangu usichana wake. Vifundo vya mkono vilishavimba kwa uzee, bangili haikutoka tena, na ilikuwa na ncha pale inapokutana. Mkono ulipofika usawa wa gurudumu nikaisikia. Kriii. Elibariki akaisikia, akaziba mdomo. Nikamtazama Baba. Uso wake ulibadilika kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Bibi alisita, mkono bado umegusa bodi. "Nini hiyo inalia?"

Kichwani mwangu nilisema, Baba, usiseme. Baba aliangalia mkono ulipofika. Ulikuwa umebaki mlango, na bodi yote ya nyuma.

"Hakuna kitu, mama," alisema. "Endelea."

Bibi akaendelea. Mkono ukatembea toka taa ya mbele hadi taa ya nyuma, bila kuinuka, na bangili nayo ikaandika mstari wake wote, mrefu, mweupe. Baba alisimama ameshika kofia yake kifuani mpaka mwisho, kama yuko kanisani. Mkono ulipofika mwisho alisema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote.

Kisha akamsaidia Bibi kupanda ili ampeleke barabarani. Bibi alipokaa tu akauliza, "Mbona mnakalia mfuko?" Baba akaingiza mkono chini ya kiti, akaichana ile nailoni yote, kwa mikono yake mwenyewe, akaitupa uwanjani. Mimi na Elibariki tulitazamana. Tulinyang'anyana nailoni ile hadi jioni. Bibi alishushwa mpaka Tengeru na kurudishwa, akipungia watu asiowaona, na Jumapili iliyofuata mtu alipomwuliza kuhusu gari alijibu, "Limefika."

Ukungu ulifunga macho yake mwaka uliofuata. Akawa analitambua gari kwa mlio, na kila likifika alilipapasa ubavuni kama anavyompapasa ng'ombe. Siku moja kidole chake kikauingia ule mstari. Akaufuata toka mbele hadi nyuma, uso umekunjamana. "Nani kaliharibu gari la mwanangu hivi?" Baba, bila aibu, akasema, "Watoto hao, mama." Tulisemwa, wenzangu! Tuliitwa watundu wasiojua thamani ya jasho la mzazi. Baba alitukazia macho kutoka nyuma yake, nasi tukainamisha vichwa, tukasema "Tusamehe, Bibi." Kwa kosa hilo Bibi alitugombeza kila likizo mpaka alipofariki, na baada ya kila ugomvi Baba alitununulia soda.

Leo Baba ndiye anayekaa juu kule. Tangu Mama alipotutoka, mji ulimshinda, akarudi kwenye nyumba ya Bibi. Magoti yake hayataki tena mlima. Pikapu ipo nyuma ya nyumba, matairi yamekaa chini, kuku wanatagia kwenye viti. Jua limeila damu ya mzee mpaka imekuwa kama maji ya mabibo. Mstari bado unaonekana.

Na mimi, mwaka huu, nimenunua gari langu la kwanza jipya. La kijivu. Niliharakisha kulipeleka kwa vijana wa mjini wanaovisha magari ngozi ya plastiki usiyoiona kwa macho. Kijana mmoja mwenye glavu kama daktari wa upasuaji aliniambia, "Sista, hii ukiweka umemaliza mchezo. Hata tawi likipita, liache gari juani, mkwaruzo unapotea wenyewe. Ila mwanzoni usiingie nalo porini, kona zitabanduka." Nikampigia Baba. Nikamwambia gari limevishwa, bado linakauka, nitakuja nalo baadaye kidogo. "Sawa mwanangu," alisema. "Rangi gani?" Nikamwambia. Jumapili zikaja. Likakauka, na mimi nikaendelea kuliacha barabarani pale penye duka, sasa wanauza vocha na chipsi, nikapanda kwa miguu. Michongoma ipo palepale, mtoto wa jirani ameirithi. Nilimwambia Baba mvua ikiisha. Nilimwambia barabara ikichongwa. Maneno yalitoka kinywani mwangu mepesi kabisa, na sikujiuliza niliyatoa wapi.

Jumapili iliyopita nilipanda bila kupiga simu. Nilipokaribia kona ya lile jiwe nikasikia kitu kinanong'ona. Michongoma ya juu ilikuwa imevaa maganda ya migomba. Si yote. Yalifungwa chini tu, urefu wa mtu aliyekaa, na mafundo yalikuwa malegevu, mengine yameshafunguka. Mbele kidogo Baba alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkongojo umelala miguuni, ganda mkononi. Vidole vyake vilikuwa na vitone vya damu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Alishtuka kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. "Ungepiga simu, mwanangu. Bado sijamaliza. Nimeanzia huku juu, huko chini nitafika tu, polepole."

Niliweka mfuko wangu wa sukari kwenye nyasi, nikageuka, nikashuka. Nilikuwa nalia kwa sauti, na watoto wa dukani waliniangalia. Nikawasha gari. Huku chini ambako hakukuwa na ganda hata moja miiba ililia kwenye gari langu kila upande, nikaiacha ilie. Nikasimama kwa Baba, nikashuka nikampandisha kiti cha mbele, nikaweka ndoo yake na mkongojo wake nyuma. Alipapasa mlango kabla ya kuingia. "Kijivu kizuri," alisema.

Tukaondoka. Chini, usawa wa magurudumu, maganda yalisema chwaa, chwaa. Juu, ambako mikono yake haikufika, mwiba mmoja mnene ukashika bodi ukaburuza, kriii, kuanzia mlango wake kwenda nyuma.

Baba akageuza kichwa. "Nini hiyo inalia?"

"Hakuna kitu, Baba," nikamwambia. "Keti vizuri."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaegemea kiti, akaangalia mbele, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko, na machozi yakimtoka hapohapo. Uwanjani alilipaka gari siagi kwa kiganja chake, toka taa hadi taa, bila kuinua mkono.

Jumatatu mchana nilitoka kazini nikaenda pale nilipoegesha, juani, kuuangalia ule mstari. Haukuwepo. Kijana alisema kweli, plastiki ilikuwa imejiponya, gari linang'aa kana kwamba halijawahi kupanda kokote. Nilisimama nikiupapasa ubavu ule na kutafuta. Gari la Baba lilitunza mkono wa mama yake hadi leo, na kuku wanautazama kila siku. Langu halikuutunza mstari wa safari yangu na Baba hata siku mbili. Mambo yetu ya siku hizi ni mazuri, sikatai, lakini yanasahau upesi mno.

Nikampigia simu. Nikamwambia Jumapili napanda tena, na gari, hadi uwanjani, na kila Jumapili baada ya hiyo, na maganda ayaache sasa, yametosha.

"Haya mwanangu," Baba alisema. Nyuma ya sauti yake nilisikia maganda makavu yakifungwa.